Bukavu: majuma ya kwanza ya grafisti, kadi 200 na rangi iliyogeuka

Alipoanza kazi katika nyumba moja ya kuchapa, komini ya Kadutu, binti huyu wa miaka 23 alijua kompyuta vizuri. Mashine ya kuchapa hakuijua. Juma la pili alitengeneza kadi 200 za mwaliko wa ndoa, kwa bluu kali aliyoipenda kwenye skrini. Zikatoka zikielekea zambarau. Mama wa bibi arusi alizikataa papo hapo: vitenge vya familia vilikuwa vimekwisha kushonwa, na ni vya bluu.

Mzee anayesimamia mashine ndiye aliyemweleza. Skrini huchanganya mwangaza mwekundu, wa kijani na wa bluu. Mashine ina wino wa sayani, majenta, njano na nyeusi, na kuna rangi za skrini ambazo wino huo haufikii. Mzee huyo, ambaye hakupita shule yoyote ya sanaa, alimfundisha pia kupitisha rangi milimita 3 nje ya ukingo, ili kisu kisiache mstari mweupe. Binti anamwita Papa.

Sasa hachapi kitu kabla mteja hajatia sahihi kwenye karatasi moja ya majaribio. Wengine wanakasirika, hasa watu wa matanga wanaotaka fulana saa ileile, umeme usije ukakatika.

Kadi zimechapwa upya. Bosi amesema hasara itatoka kwenye mshahara wake wa kwanza. Ni dola ngapi, bado hajamwambia.