Lugalo 1891 na Kalenga 1894: Mbinu Zilivyoamua Vita

Tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Wajerumani chini ya Emil von Zelewski lilipita Lugalo, Uhehe, katika mstari mrefu. Wapiganaji wa Mkwawa, waliojificha kando ya njia, walishambulia kwa mikuki kutoka karibu. Bunduki na mizinga havikusaidia, Zelewski aliuawa.

Mwaka 1894 Wahehe walijilinda ndani ya ngome ya Kalenga. Sasa adui ndiye aliyechagua mahali pa kupigania. Aliipiga ngome kwa mizinga, ikaanguka tarehe 30 Oktoba. Mkwawa alirudia vita vya msituni, akahimili hadi 1898.

Zingatia: Ukieleza kwa nini alishindwa, usiishie kwenye "silaha duni". Hata Lugalo silaha za Wajerumani zilikuwa bora. Linganisha mbinu.