Isiyopungua na Isiyozidi



Jumapili moja tulikaa chini ya mwembe hapa Onduparaka, karibu na mji wa Arua, pamoja na wenzetu wa ghala moja la mazao. Ndugu mmoja alileta mkataba aliotia dole gumba bila kusomewa. Uliandikwa hivi: mfanyakazi atafanya kazi kwa muda usiopungua saa 54 kwa wiki, na malipo yake hayatazidi shilingi 54,000. Tukamwuliza ameelewaje. Akajibu, "Saa 54, elfu 54. Elfu moja kila saa." Kusema kweli, hata sisi viongozi mwanzoni tulielewa hivyo hivyo.

Binti yake wa darasa la saba alikuwa pembeni na daftari la hesabu. Shuleni wanajifunza kuandika mambo ya kila siku kwa alama za kubwa kuliko na ndogo kuliko. Mdomo ulio wazi huelekea kikubwa, na ukiongezwa mstari chini yake maana yake ni "au sawa na". (Alama zenyewe ni za zamani, zilitokea katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot kilichochapwa mwaka 1631, naye alikuwa amekufa miaka kumi kabla.) Hapa kwetu mpira unajulikana kuliko hesabu, basi tukamwambia aanzie huko. Timu haiingizi uwanjani zaidi ya watu 11, na ikibaki na pungufu ya 7 mchezo hauendelei. Akaandika: 7 ≤ w ≤ 11. Wazee wakacheka, wakaelewa.

Kisha tukampa mkataba. Saa akaziita s, malipo akayaita m:

s ≥ 54
m ≤ 54,000

Akasema, "Baba, kwa karatasi hii ukifanya saa 70 ni sawa. Wakikulipa elfu 20, nayo ni sawa."

Hapo kicheko kiliisha.

Tazameni sasa Sheria ya Ajira ya mwaka 2006. Saa za kawaida kwa wiki hazizidi 48. Kazi ya ziada inaruhusiwa, lakini jumla isipite saa 10 kwa siku wala 56 kwa wiki. Kila saa ya ziada siku ya kawaida hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Sikukuu ya taifa, si chini ya mara mbili. Kwa hiyo sheria inaandika s ≤ 56, mkataba unaandika s ≥ 54. Mdomo umegeuzwa! Na kwenye malipo umegeuzwa vile vile.

Ndugu yetu alifanya siku 6, kila siku saa 9, yaani saa 54. Saa 48 ni za kawaida, 6 ni za ziada. Sita mara moja na nusu ni 9. Basi anastahili malipo ya saa 57:

m ≥ 57,000

Alipewa 54,000. Kwa wiki 12 amekosa shilingi 36,000.

Msidhani kila alama iliyoelekea kwetu inatosha. Kima cha chini cha mshahara Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais hakuutia saini. Mwajiri anayelipa 6,001 ametimiza hesabu hiyo, na watoto wanalala njaa.

Tulikwenda kwa mwajiri watu watano, na lile daftari mkononi. Neno la saa amekubali kulibadilisha: sasa mkataba unasema muda usiozidi saa 56. Neno la malipo bado anavutana nasi, na ile 36,000 hajaigusa. Jumapili ijayo tutakaa tena chini ya mwembe, saa nane mchana. Kila mmoja aje na karatasi yake, na mwenye mtoto wa darasa la saba aje naye.