Hans Cory na Uandishi wa Sheria za Mila katika Nchi za Ziwa

Miongoni mwa watumishi wa Serikali ya Tanganyika walioshughulika na mila za watu wakaao kandokando ya Ziwa Victoria, Hans Cory ana mahali pake peke yake. Wengine waliandika taarifa zikabaki katika majalada ya maboma. Maandishi yake yeye yaligeuka kuwa sheria. Kwa sababu hiyo kazi yake yawahusu wataalamu wa lugha kama inavyowahusu wanasheria, maana neno lililokwisha tiwa katika sheria halina tena uhuru wa neno lisemwalo barazani.

Cory alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1888, na jina lake la kwanza lilikuwa Hans Koritschoner. Kabla ya kuingia katika utumishi wa Serikali alikuwa amekaa Tanganyika miaka mingi kama mlowezi, akijifunza ngoma, nyimbo na desturi za wenyeji. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alimweka katika kitabu chake Green Hills of Africa cha mwaka 1935, kwa jina la Kandisky. Katika miaka ya 1940 alifanywa Mtaalamu wa Serikali wa Mambo ya Jamii, na Jimbo la Ziwa, ambalo makao yake makuu yalikuwa Mwanza, likawa shamba lake kubwa la kazi. Mwaka 1945, pamoja na M. M. Hartnoll, alitoa kitabu cha sheria za mila za Wahaya. Mwaka 1951 alieleza ibada za jadi za ntemi wa Kisukuma. Mwaka 1953 ikatoka Sukuma Law and Custom. Na mwaka 1954 uchunguzi wa utawala wa jadi wa Wasukuma pamoja na mapendekezo ya kuubadili. Wala hakuacha ushairi, kwani kitabu chake Sikilizeni Mashairi kilipigwa chapa Mwanza mwaka 1958.

Njia yake ilikuwa kuwauliza watemi na wazee jambo moja moja, kupatanisha majibu yao, kisha kuyaandika kama kanuni zenye nambari. Njia hii humfaa hakimu, maana humpatia jibu upesi. Lakini mzee wa barazani hasemi kwa nambari. Hueleza shauri: nani alimwoa nani, ng'ombe wangapi walitolewa, wangapi walirudishwa, na majirani walionaje. Kanuni huchukua hukumu na kuacha sababu zake.

Ugumu wa pili ni wa maneno. Kwa Kisukuma, bukwi ni mali, hasa ng'ombe, itolewayo na upande wa mume kwa upande wa mke. Neno la Kiswahili lililo karibu ni mahari, lenye asili ya Kiarabu. Na katika sheria ya Kiislamu mahari ni haki ya mke mwenyewe. Mali ya bukwi huwaendea jamaa za mke, na kutolewa kwake kwahusiana na swali la watoto ni wa nani. Basi hakimu asomaye neno mahari pasipo kuuliza ni mahari ya wapi aweza kuhukumu jambo ambalo wazee hawakulisema. Neno nyarubanja la Kihaya lilikuwa na bahati njema zaidi. Kwa kuwa aina hiyo ya umiliki, ambayo mkaaji hutoa malipo au utumishi kwa bwana wa ardhi, haina jina katika Kiswahili, hata sheria ya mwaka 1965 iliyokusudia kuwakomboa wakaaji hao ililibakiza neno lenyewe.

Tangu mwaka 1959 Chuo cha London cha elimu ya Mashariki na Afrika kilikuwa kikishughulikia mpango wa kuzieleza upya sheria za mila za Afrika, chini ya Antony Allott. Maelezo hayo yalikuwa ya kuwaongoza mahakimu tu. Tanganyika ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1961 Cory alikabidhiwa kazi ya kuunganisha sheria za mila, kwanza za makabila yafuatayo nasaba ya baba. Alifariki mwaka 1962. Mwaka uliofuata yalitoka Matangazo ya Serikali: Na. 279 kuhusu hali ya watu, na Na. 436 kuhusu ulezi, urithi na wosia. Mwaka huo huo wa 1963 utawala wa watemi ulifutwa, hata mabaraza yaliyotoa maneno hayakuwapo tena kuyasahihisha.

Katika kanuni za urithi, binti amewekwa katika daraja la tatu la warithi, na kanuni ya 20 yamruhusu kuitumia ardhi ya ukoo pasipo kuiuza. Maneno "ardhi ya ukoo" yana uzito wake Bukoba, ambako kibanja cha migomba hurithiwa kizazi hata kizazi. Usukumani, ambako watu walipewa ardhi na watemi na wanangwa wao, hayana uzito ule ule. Lakini kanuni haitofautishi.

Athari zake zilionekana baadaye. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa baba yake alikuwa na haki ya kuiuza sawa na mwanamume, kwa kuwa Katiba yakataza ubaguzi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri la wajane wawili wa Kisukuma, ilikataa kuzifuta kanuni za urithi. Na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ihusuyo ubaguzi dhidi ya wanawake ikaona kwamba haki za wajane hao zimevunjwa.

Si haki kumtwika Cory lawama zote, kwani aliandika aliyoambiwa, na walioambiwa waseme walikuwa wanaume wenye cheo na umri. Ila desturi hubadilika kimya kimya, na maandishi husimama. Mkusanyo wa hati zake umehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtunga kamusi ya sheria atakayezisoma hizo, akaweka bukwi kando ya mahari na kibanja kando ya ardhi ya ukoo, ataweza kumwonyesha hakimu ni wapi neno la Kiswahili lasema zaidi, au pungufu, ya alivyosema mzee.