Dabi ya Kariakoo na shabiki anayelipa mara mbili

Makao makuu ya Yanga yapo kwenye kona ya mitaa ya Twiga na Jangwani. Jengo la Simba lipo Mtaa wa Msimbazi, si mbali na hapo. Klabu ya kwanza ilizaliwa 1935, ya pili 1936, na tangu hapo wakazi wa Jangwani na Kariakoo wamegawanyika kwa jezi kuliko kwa jambo jingine lolote. Dabi ikikaribia, kila kijiwe cha kahawa ni mpira tu. Mtu anayetembelea magongo au kiti mwendo naye yumo humo humo kijiweni: anatamba, anataniwa, anaapa kwamba safari hii watani watalia. Tofauti inaanza siku ya mechi. Wenzake wanaondoka kwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa, yeye anabaki, na sisi wengine tumekwisha kuzoea kwamba abaki. Mazoea hayo hayana sababu ya msingi. Vizuizi vingi vinavyomzuia shabiki huyu ni kanuni na taratibu zilizowekwa na watu, na kuzibadilisha kunahitaji fedha kidogo kuliko tunavyodhani.

Tuanze na hesabu. Tuseme tiketi ya mzunguko, ile ya bei ya chini, ni shilingi 5,000. Mwenye miguu mizima anaongeza nauli ya daladala, basi, safari imekamilika. Anayetumia kiti mwendo hawezi kwenda peke yake, maana kuna ngazi, kuna msongamano getini na kuna giza wakati wa kurudi. Kwa hiyo anamkatia tiketi na msaidizi. Daladala ya siku ya dabi haina pa kuweka kiti, wala kondakta hana subira ya kungoja kikunjwe, hivyo inabidi wakodi bajaji, kwenda na kurudi. Bado hajanunua hata maji, na gharama yake imezidi ya mwenzake mara kadhaa, kwa kiti kile kile cha mzunguko. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Si wote wanaopenda mpira, lakini hata ukitoa wasioupenda, wanaobaki ni umati mkubwa unaolipishwa zaidi ili upate kile kile, na wengi wao ndio wenye kipato kidogo.

Watu wa nchi nyingine walikwisha kukutana na swali hili katika burudani nyingine kabisa. Marekani, ambako uwindaji ni starehe ya watu wa kawaida, majimbo mengi yana kibali maalumu kinachomruhusu mwindaji mwenye ulemavu wa viungo kupiga risasi akiwa ndani ya gari lililosimama, jambo ambalo kwa wengine ni kosa. Hapo haikujengwa barabara ya lami hadi porini. Kilichobadilika ni mstari mmoja wa kanuni, na mtu akaendelea na starehe aliyoizoea tangu utotoni. Uingereza, klabu nyingi za mpira humpa msaidizi wa shabiki mwenye ulemavu tiketi ya bure. Mantiki yake ni kwamba msaidizi hakuja kutazama mpira kwa hiari yake. Yeye ni sehemu ya kile kinachomwezesha mwenzake kufika. Kwa klabu, kiti kimoja cha bure kati ya viti 60,000 vya Mkapa si hasara ya kuonekana kwenye mahesabu. Kwa familia ya Jangwani, ni nusu ya gharama ya mlangoni.

Ushahidi wa karibu zaidi tunao wenyewe. Mwishoni mwa 2021 Dar es Salaam iliandaa mashindano ya Afrika ya soka la watu waliokatwa viungo, na timu yetu, Tembo Warriors, ikapata tiketi ya Kombe la Dunia. Oktoba 2022 ilikwenda Uturuki na kufika robo fainali, mahali ambapo Taifa Stars haijawahi kupakaribia. Tazama jinsi mchezo wenyewe ulivyotengenezwa. Wachezaji ni saba kila upande. Wa ndani wana mguu mmoja na wanakimbilia magongo. Kipa ana mkono mmoja. Gongo likigusa mpira kwa makusudi, ni sawa na kuunawa. Mpira ukitoka pembeni haurushwi, hupigwa kwa mguu, kwa kuwa mikono imeshika magongo. Miguu ya bandia hairuhusiwi, na kwa hilo kifaa ghali kuliko vyote kimeondolewa uwanjani. Mchezo huo ulianza Marekani miaka ya 1980, mwanzilishi wake akiwa Don Bennett, mtu aliyepoteza mguu mmoja na kugundua kwamba anaweza kuupiga mpira huku amejishika kwa magongo. Hakuvumbua mtambo. Sheria za mchezo zilikunjwa zikatoshea mwili wa mchezaji, na gharama ikawa ni magongo ambayo mtu anayo tayari nyumbani.

Kariakoo yenyewe ina mafundi wanaofikiri hivyo hivyo kila siku, ingawa hakuna anayewaita wabunifu. Bajaji hubadilishwa gia kwa mkono wa kushoto na kupewa mafuta kwa mkono wa kulia. Kinachomshinda mtu asiye na nguvu za miguu ni breki iliyo chini. Fundi huunga fimbo ya chuma kwenye pedeli ile, akaipandisha hadi usawa wa mkono, akaichomelea mshikio. Kazi imekwisha, na mtu aliyekuwa abiria amegeuka dereva. Ndiyo maana bajaji zinazoendeshwa na watu wenye ulemavu zimekuwa sehemu ya mitaa hii kwa miaka mingi. Mvutano uliobaki ni ule wa kanuni: wafike wapi, waegeshe wapi, wapakie abiria kituo gani. Mwaka 2017 mvutano huo ulifikia maandamano na polisi kuingilia kati. Chuma kilipata ufumbuzi kwa fundi mmoja wa kuchomelea; karatasi ndiyo iliyokwama.

Viti mwendo navyo vina somo lao. Vingi vinavyoletwa kwa misaada vina magurudumu madogo ya mbele yaliyokusudiwa sakafu ya hospitali. Ukikipitisha kiti cha namna hiyo Jangwani baada ya mvua, Mto Msimbazi ukiwa umeacha tope lake, gurudumu linazama na anayesukuma anabeba mtu na kiti kwa pamoja. Kiti chenye matairi ya baiskeli kinapita, na tairi likipasuka, mpira na viraka vyake vinapatikana kwenye duka lolote la baiskeli Kariakoo. Chuo cha TATCOT pale Moshi, kilichoanzishwa 1981, kinafundisha mafundi wa vifaa hivi, kwa hiyo ujuzi upo nchini. Anayetaka kutoa msaada aulize kwanza kama kifaa chake kinatengenezeka mtaani. Kiti cha bei ghali kisicho na vipuri hugeuka chuma chakavu baada ya masika moja.

Kwa wasioona, burudani nafuu kuliko zote ilikuwapo kabla ya sheria yoyote, nayo ni redio. Enzi za Redio Tanzania, watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary walikuwa wanaujenga uwanja mzima sikioni mwa msikilizaji: mpira upo winga ya kulia, anauchukua nani, anamtoka nani, kipa amesimama wapi. Asiyeona na anayeona walikuwa sawa mbele ya redio ya mkulima. Televisheni imeleta picha na imechukua kitu. Mtangazaji wake anajua kwamba watazamaji wanaona, basi anazungumzia usajili, historia ya kocha na idadi ya kona, na mpira unapita bila kutajwa. Hapa nchi tajiri zimelazimika kurudi nyuma: kwenye Kombe la Dunia la Qatar 2022, FIFA iliweka utangazaji maalumu wa maelezo kwa mashabiki wasioona, wakausikia kwenye simu zao. Sisi hatuhitaji kuanzisha kitu kipya. Utangazaji wa redio bado upo, simu ya vitufe ina redio ndani, na visikizio vinauzwa barabarani Kariakoo kwa bei ya sahani ya chipsi. Kinachotakiwa ni vituo vya redio kuendelea kutangaza mechi moja kwa moja na kuendelea kuwafundisha watangazaji vijana kueleza wanachokiona, badala ya kuiga televisheni. Na kuna raha ya ziada: mawimbi ya redio mara nyingi huwahi kuliko picha ya king'amuzi, hivyo asiyeona aliyekaa kwenye kibanda umiza (banda la kulipia la kutazama mpira) na kisikizio chake anaweza kushangilia bao wakati wenye macho bado wanautazama mpira katikati ya uwanja.

Kibanda umiza chenyewe kinastahili neno, kwa sababu ndicho uwanja halisi wa maskini wa Jangwani. Kiingilio ni shilingi 500 au 1,000. Kizingiti cha mlango, mabenchi yaliyobanwa hadi ukutani na waya wa feni uliopita chini ndivyo vinavyomzuia mwenye magongo. Ubao mmoja mlangoni, na benchi la mbele likatwe futi tatu pembeni, vinatosha. Kiziwi hahitaji hata hicho: picha ipo, na kelele hazimhusu. Mwenye kibanda hatapoteza. Atapata mteja ambaye akishakaa hana haraka ya kuhama.

Usafiri ni mgumu zaidi, na hapa sitadai kwamba kila kitu ni cha bei rahisi. Hata hivyo mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Mei 2016, yanathibitisha hoja. Vituo vyake vilijengwa usawa wa sakafu ya basi, kiti kikaingia bila kubebwa, kwa sababu mchoraji alilifikiria jambo hilo kabla zege halijamwagwa. Kulirekebisha baadaye kungegharimu mara nyingi zaidi. Njia ya Mbagala, inayoanzia Gerezani na kufuata Barabara ya Kilwa, inamsogeza shabiki wa Kariakoo karibu na Mkapa. Kinachovunja safari ni vipande vya mwisho: mtaro usio na kifuniko, meza ya machinga juu ya njia ya waenda kwa miguu, lango moja la uwanja ambamo maelfu wanasukumana. Tatizo la lango ni rahisi kulitatua: wenye ulemavu waingie saa moja kabla ya wengine, kupitia mlango wao. Hilo halina gharama ya ujenzi, ni tangazo na askari wawili.

Wapo watakaosema nchi yenye upungufu wa dawa na madawati haina nafasi ya kufikiria starehe ya mlemavu. Hoja hii inasikika ya busara mpaka uone kwamba haitumiki kwa mtu mwingine yeyote. Hakuna anayemwambia mpagazi wa sokoni asiende mpirani mpaka shule ya mwanawe ipate madawati. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 30 inataja michezo na burudani bayana. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ikafuata 2010. Zaidi ya sheria, kijiwe na uwanja ni mahali pa kupata kazi, mkopo, mchumba na habari. Anayefungiwa nje ya mpira anafungiwa nje ya hayo pia, kisha tunashangaa kwa nini anaomba pale Msimbazi.

Wengine watasema atazame nyumbani, televisheni ipo. Kama televisheni ingetosha, Mkapa usingejaa. Wapo pia wanaohofia udanganyifu, kwamba tiketi ya msaidizi ikitolewa bure, kila mtu atajifanya anachechemea. Hofu hii ina ukweli. Mjini ni mjini. Dawa yake ipo kwenye matawi. Tawi la Yanga au la Simba linawajua wanachama wake kwa majina na kwa mitaa, linajua nani anatumia magongo na nani alianza kuyatumia jana. Orodha ya tawi, ikithibitishwa na serikali ya mtaa, ni kizuizi kikali kuliko cheti chochote. Ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi vya watu wenye ulemavu nayo inaweza kuingia hapa kihalali: kikundi kikikopa bajaji mbili zenye breki ya mkono, kinafanya biashara wiki nzima na siku ya mechi kinawapeleka wenzao.

Basi ombi hili liwafikie Yanga, Simba, Shirikisho la Mpira wa Miguu na Bodi ya Ligi kabla ya dabi ijayo. Tiketi ya msaidizi iwe bure kwa majina yaliyotoka matawini. Mlango mmoja ufunguliwe mapema. Bajaji za wenye ulemavu ziruhusiwe kushusha abiria ndani ya uzio. Hakuna hata moja kati ya mambo haya matatu linalosubiri bajeti ya Serikali, na yote yanaweza kuandikwa kwenye tangazo lile lile la viingilio.