Haiku, Picha na Mambo ya Kawaida ya Majira ya Baridi

Msomaji aliyelelewa na shairi la Kiswahili, lenye mizani 16 katika mshororo, anapokutana na haiku ya Kijapani huweza kuidhania kuwa ni utungo uliokatikia njiani. Haiku nzima ina mizani 17, iliyogawanyika 5, 7, 5; yaani umezidi mmoja tu juu ya mshororo wa shairi. Hata hesabu zenyewe zakaribiana. Neno mtoto lina mizani 3, kwa kuwa m yajitegemea. Vivyo hivyo Nippon, kwa sikio la Mjapani, lina 4: ni, p, po, n. Basi wanaoitaja haiku kuwa ni utungo usiofungwa na kanuni wamekosea.

Kanuni nyingine ni neno la majira, liitwalo kigo. Kwa kalenda ya jadi, majira ya baridi huanza mapema Novemba na kwisha mapema Februari, na maneno yake yamekusanywa katika makamusi maalumu. Humo mna theluji ya kwanza na konde lililonyauka, lakini pia mna makaa, vitunguu vya majani, hata kikohozi. Mshairi hakuruhusiwa tu kuviimba vitu hivi duni. Mapokeo yenyewe yamempa.

Hapa mfasiri hutatizika. Wajapani husema fuyu, mizani 2. Akiandika kipupwe, anamletea msomaji ubaridi wa Julai, usioua majani. Akiandika majira ya baridi, amekwisha kuujaza mstari wote wa kati.

Aliyeyatetea zaidi mambo ya kawaida ni Masaoka Shiki (1867–1902), aliyefundisha shasei, yaani kuchora kitu kama kilivyo, fikra iliyotokana na wachoraji. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kilimlaza kitandani mjini Tokyo. Mwaka 1896 theluji ilianguka naye asiweze kuiona. Haiku aliyoitunga haisemi lolote juu ya weupe wake, bali kwamba aliuliza mara kwa mara kimo chake. Milango ya chumba ilikuwa ya karatasi. Desemba 1899 mwanafunzi wake, Takahama Kyoshi, alimtilia vioo, na bustani ndogo ya nje ikawa ulimwengu wake.

Kioo kile chenye fremu kinafanana mno na jicho la kamera. Roland Barthes, katika kitabu chake cha 1980 kuhusu picha, aliilinganisha picha na haiku: zote mbili hukionyesha kitu bila kukifafanua. Mfano mzuri ni Hamaya Hiroshi, aliyeanza mwaka 1940 kupiga picha za wanakijiji wa Niigata katika theluji, akazitoa kitabuni mwaka 1956. Hata hivyo ulinganisho huo una kikomo. Haiku ina neno la mkato, kireji, linalotenga taswira mbili na kumwachia msomaji pengo. Picha moja haina neno hilo. Mpigapicha hukata kwa ukingo wa fremu tu, na kilichobaki nje hakisikiki.