Mkojo bustanini: amonia ndiyo inayofanya kazi

Kila kipindupindu kinapotajwa Kisangani, walimaji wa mboga wanauliza lilelile: je, lenga-lenga zilizokuzwa kwa mkojo zitatuua? Kipindupindu hutoka kwenye kinyesi. Mlipuko wa 2011 ulianzia hapa kwetu mwezi Machi, ukateremka na mto hadi Kinshasa. Mkojo haukuwa na hatia.

Wengine nao wanashikilia kwamba mkojo hauna kijidudu hata kimoja. Si kweli. Mgonjwa wa homa ya matumbo anaweza kutoa bakteria wake kwa mkojo, mwenye kichocho cha kibofu anatoa mayai ya minyoo, na chooni tone la kinyesi huingia kwenye bidoni bila mtu kuona. Tone hilo ndilo la kuogopwa zaidi.

Kinachotuokoa ni kemia, na inastaajabisha. Mkojo mbichi una yurea. Ukikaa, bakteria huivunja kwa kimeng'enya cha yurease, inakuwa amonia. Hiyo ndiyo harufu inayochoma pua ukifungua bidoni iliyokaa wiki mbili. pH inapanda kutoka karibu 6 hadi 9, na hapo sehemu nzuri ya amonia inakosa chaji ya umeme. Isiyo na chaji inapenya utando wa kijidudu bila kizuizi, inamvuruga ndani mpaka anakufa. Ndiyo maana kutia maji kabla ya kuhifadhi ni kosa: unaidhoofisha. Bidoni ikiachwa wazi, amonia inaruka hewani, na nitrojeni uliyoitaka kwa mimea inaondoka nayo. Joto huharakisha kazi ya kuua vijidudu, na sisi tuna wastani wa nyuzi 25 karibu mwaka mzima.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2006, linataka mkojo uliokusanywa kwa watu wengi ukae miezi 6 katika nyuzi 20 au zaidi kabla ya kutumika kwa zao lolote; kwa mazao ya kupikwa, mwezi 1 unatosha. Familia inayokula mboga zake yenyewe haihitaji kuuhifadhi, mradi mwezi upite kati ya kumwagia na kuvuna. Nchini Nijeri, utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha mavuno ya uwele ya wanawake waliotumia mkojo uliohifadhiwa yakipanda kwa karibu asilimia 30.

Ila mtu asiniambie kwamba kinacholisha mgomba kinatibu malaria. Wanaowanywesha watu mkojo kwa ajili ya kisukari na homa wanawarudishia uchafu ambao figo zimeshautoa, na wakati huo mtoto mwenye malaria anacheleweshwa kufika kituo cha afya. Huo ni uuaji, hata ukiitwa dawa ya asili.

Ya kufanya ni machache. Unapomwagia, changanya sehemu 1 ya mkojo na 3 za maji, kwenye mfereji kando ya shina, kamwe si juu ya majani, kisha ufukie na unawe kwa sabuni. Kaa mbali na kisima na kijito. Majivu yaweke siku nyingine, kwani yanaifukuza amonia. Anayemeza antibiotiki asichangie bidoni. Lenga-lenga huvunwa wiki 3 au 4 tu baada ya kupandwa, kwa hiyo mwezi wa kusubiri hautimii. Kwa hizo, mwagia tuta wiki mbili kabla ya kupanda. Mkojo uliobaki upeleke kwenye mahindi na migomba, kidogo kidogo, maana mvua zetu huosha nitrojeni upesi.