Mzazi, Kamati ya Shule na Kadi ya Chama (Sehemu ya Nne)

Wasomaji waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanajua kamati ya shule inavyoundwa, na kwa nini mwalimu mkuu ndiye katibu wake huku uenyekiti ukibaki kwa wazazi. Sitayarudia hayo. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 umenirudisha kwenye jambo lililonikereketa kwa miaka mingi. Mzazi aliyeaminiwa na wenzake kusimamia ruzuku, bati na saruji ya shule, akitaka kura za wazazi walewale awe mwenyekiti wa kijiji, hana budi kwanza kudhaminiwa na chama cha siasa. Shuleni hakuulizwa kadi.

Asili ya jambo hili ni ya zamani, na ina heshima yake. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitoa waraka wa kuwazuia watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, wakati Waafrika wengi waliosoma walikuwa watumishi hao. Mwalimu Nyerere mwenyewe alilazimika kuchagua kati ya darasa la Pugu na TANU, akaacha kazi Machi 1955. Mzazi mkulima au mfugaji hakubanwa na waraka huo. Mwaka huohuo wa 1955 ikazaliwa TAPA, jumuiya ya wazazi wa Kiafrika wa Tanganyika, bega kwa bega na TANU, ikawahimiza watu kujenga madarasa pale ambapo serikali na misheni hazikufika. Na tukumbuke kwamba katika uchaguzi wa 1958 mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa. Aliyebeba mawe ya msingi wa darasa alikuwa akimjengea mwanawe njia ya kufika kwenye sanduku la kura. Wengi walijifunzia humo kuongoza mkutano na kutunza daftari la michango mbele ya macho ya jirani.

TAPA ndiyo leo Jumuiya ya Wazazi ya CCM. Sipuuzi kazi yake, kwani shule za sekondari ilizojenga zimesomesha watoto wengi. Lakini jumuiya ya wazazi ilipokuwa tawi la chama, mzazi asiye na chama alikosa jukwaa lake, na hasara hiyo hatujaipima ipasavyo.

Sasa nije kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote, na ambacho watu wa Karatu wana haki ya kujivunia. Tarehe 30 Agosti 1960 Tanganyika ilifanya uchaguzi wa viti 71. Viti 58 vilipita bila kupingwa. TANU ilishinda 70. Kimoja kiliiponyoka, nacho ni Mbulu, wakati Karatu ingali sehemu ya wilaya hiyo. Chama kilikuwa kimemsimamisha Chifu Amri Dodo wa Wairaki. Herman Sarwatt, naye mwana-TANU, hakukubali kukaa kando. Alisimama kama mgombea binafsi, akamshinda chifu na chama kwa pamoja. Uhuru haukuchelewa kwa sababu hiyo, wala nchi haikugawanyika. Wapiga kura walisema tu kwamba wanamjua mtu wao.

Katiba ya muda ya 1965 ilipoleta chama kimoja, mlango huo ukafungwa. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, lakini haukufunguliwa. Mchungaji Christopher Mtikila aliugonga kwa zaidi ya miaka ishirini: Jaji Kahwa Lugakingira alimpa haki mwaka 1994, Bunge likabadilisha Katiba, Mahakama Kuu ikampa tena mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2010. Mwisho, tarehe 14 Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki yake. Mtikila alifariki mwaka 2015. Ibara ya 67 ya Katiba bado inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Nasema wazi kwamba hii ni aibu yetu.

Nimebakiwa na nafasi ndogo kwa Piyaya, kata ya Wilaya ya Ngorongoro iliyonifanya nianze mfululizo huu. Huko nyumbu wakizaa kwenye nyika za nyasi fupi, wafugaji huhamisha ng'ombe kukwepa ugonjwa wanaoambukizwa na ndama wa nyumbu, na watoto huondoka na mifugo. Mwenyekiti wa kamati ya shule mahali kama hapo lazima ajue boma gani limehamia wapi, nani anachunga, na shule shikizi ijengwe upande gani. Tangu mwaka 2022, kilomita za mraba 1,500 zilipotengwa kuwa Pori Tengefu la Pololeti, kazi hiyo imekuwa nzito zaidi. Agosti 2024, tangazo la serikali lilizifuta kata na vijiji vya Tarafa jirani ya Ngorongoro, wafugaji wakaandamana, na Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha. Vijiji vilirudi kwenye orodha.

Miezi mitatu baadaye watu wakapiga kura, na CCM ikatangazwa kushinda asilimia 99 ya vijiji vyote nchini. Mama anayejua kila mtoto aliyekosa shule msimu wa nyumbu, kama hakupata udhamini wa chama chochote, jina lake halikuwamo kwenye karatasi. Uamuzi wa 2013 ulizitaja pia chaguzi za serikali za mitaa. Katika sehemu ya tano nitazichukua kanuni za uchaguzi wa vijiji kifungu kwa kifungu, nikianzia na fomu ya kugombea.